Picha Ina Mwenyewe: Shajara ya Mradi wa Picha za Mwanza

Jumamosi, 8 Machi 2025

Leo mradi umeanza rasmi. Tumekaa maktaba, meza ya dirishani, kila mmoja na kompyuta yake au simu, tukaanza kupitia makala za kamusi elezo ya mtandaoni, Wikipedia, zinazohusu Mwanza, Ziwa Viktoria, Wasukuma na sanaa ya Tanzania. Kila picha tunaiuliza maswali mawili. Je, inaruhusiwa kuwepo hapa? Na aliyeitengeneza ni nani?

Wengi huyachukulia maswali haya kama kitu kimoja, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Swali la kwanza ni la ruhusa: kuna leseni, au muda wa hakimiliki umekwisha. La pili ni la mtu na kazi ya mikono yake. Picha inaweza kuwa halali kabisa kutumika huku msanii wake amefutwa jina. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 yenyewe inatambua pande hizo mbili, haki za kiuchumi na haki za kimaadili, na haki ya mtunzi kutajwa iko upande wa pili. Mimi hilo la pili ndilo lililonitoa nyumbani leo.

Kwa waliojiunga sasa hivi, masharti tunayofuata ni haya. Picha nyingi za kamusi elezo hukaa kwenye ghala la pamoja, Wikimedia Commons, lililofunguliwa mwaka 2004. Ghala hilo linapokea kazi zenye leseni huru na kazi ambazo zimeshakuwa mali ya umma, yaani hazina tena hakimiliki, basi. Leseni huru maana yake mtu yeyote anaweza kunakili kazi, kuibadilisha, hata kuiuza, alimradi atimize sharti lililowekwa. Katika zile leseni za Creative Commons, inayodai jina la mtunzi tu, CC BY, inapokelewa. Inayodai jina na kwamba kazi itakayotokana nayo itoke kwa leseni hiyohiyo, CC BY-SA, nayo inapokelewa. Zinazokataza biashara, au zinazokataza kubadilisha kazi, hazipokelewi. Kwa hiyo ukiniambia mwenye picha amekuruhusu kwa WhatsApp uitumie kwenye makala yako, ruhusa hiyo haitutoshi, kwa sababu kamusi elezo inagawa kilichomo ndani yake kwa dunia nzima.

Muda wa ulinzi kwa Tanzania ni maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Ila ghala linataka kazi iwe huru nchini ilikotoka na Marekani pia. Sharti hilo tutakutana nalo vizuri tukifika kwa mchoraji Tingatinga.

Jumamosi, 22 Machi

Siku nzima imekwenda kwenye picha moja, na sijutii hata dakika.

Ni mchoro mweusi-mweupe, nyumba za msonge, vilima kwa nyuma, watu wamesimama. Maelezo yake: Mwanza mwaka 1858, umechorwa na John Hanning Speke. Ukisoma haraka unaona sawa tu. Speke alifika kusini mwa ziwa mwaka huo, na tarehe 3 Agosti 1858 aliliona ziwa kutoka kwenye vilima vya huku kwetu. Ghuba inayoanzia hapa kwenda mashariki bado inaitwa kwa jina lake. (Watu waliokuwa wakivua humo siku hiyo hawakuhitaji kuonyeshwa kwamba kuna ziwa, ila hayo ni ya makala nyingine.)

Mwanafunzi mmoja wa Malimbe ndiye aliyeshtuka. Aliuliza swali dogo: Speke alipokuja 1858 alikuwa na nani? Mwenzake, Richard Burton, alibaki Kazeh, Tabora ya leo. Mchoraji hakuwepo. Tukaanza kuutafuta mchoro wenyewe kwa programu ya kutafuta picha kwa picha, matokeo yakatupeleka kwenye kitabu cha safari cha Speke kilichochapwa na William Blackwood mwaka 1863. Tukafungua nakala nzima iliyoskaniwa, na hatukuhitaji kwenda mbali. Ukurasa wa jina la kitabu, chini ya kichwa, unasema wazi kwamba michoro mingi imetokana na kazi ya Kapteni Grant.

James Augustus Grant, aliyezaliwa 1827 na kufariki 1892, alikuja na Speke katika safari ya pili, iliyoanza 1860. Safari hiyo haikupita Mwanza. Ilipanda magharibi mwa ziwa, Karagwe kwa Mfalme Rumanika, kisha Buganda. Grant alikaa Karagwe muda mrefu akiugua mguu huku Speke akitangulia Buganda. Kwa hiyo mchoro huu si wa Speke, si wa 1858, na hauonyeshi Mwanza. Makosa matatu kwenye mstari mmoja, na mstari huo umeshanakiliwa kwenye kurasa nyingine nyingi za mtandaoni.

Kuna jambo lingine nililopenda kulionyesha kwa karibu. Tulipoikuza picha, pembeni chini kuna alama ndogo ya mchongaji. Vitabu vya wakati ule havikuchapwa kutoka kwenye karatasi ya Grant moja kwa moja. Michoro yake ya safarini ilichorwa upya na msanii wa mjini juu ya kipande cha mti, kisha fundi mwingine akauchonga mti huo uchapwe. Mikono ya watu watatu. Ndiyo maana kwenye sehemu ya mwandishi hatukuandika "Grant" tu, tumeandika "kwa kufuata mchoro wa James Augustus Grant", na alama ya mchongaji tumeieleza jinsi inavyoonekana. Maneno hayo "kwa kufuata" mhariri mmoja alitaka kuyatoa akidhani ni urembo. Nimemwomba ayaache. Yanamweleza msomaji kwamba anachokitazama hakikutoka mkononi mwa mtu aliyekuwepo pale.

Suala la ruhusa halikuwa na ugumu: Grant alifariki 1892 na kitabu ni cha 1863. Kuna kampuni moja ya kuuza picha imepiga muhuri wake juu ya skani ya ukurasa huohuo ikidai haki zote. Mahakama moja ya New York iliamua mwaka 1999, katika kesi ya Bridgeman na Corel, kwamba nakala ya picha iliyo sahihi tupu ya kazi bapa ambayo ni mali ya umma haizai hakimiliki mpya, kwa kuwa hakuna ubunifu ulioongezwa. Ghala linafuata msimamo huo. Skani yetu imetoka kwenye kitabu chenyewe, haina muhuri.

Jumamosi, 5 Aprili

Picha za enzi za Wajerumani. Hapa kuna utajiri mkubwa: mwaka 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani, Bundesarchiv, ilitoa makumi ya maelfu ya picha kwa ghala kwa leseni ya CC BY-SA 3.0, na humo ndani zimo za Afrika Mashariki ya Kijerumani. Nyingi ni za mpigapicha Walther Dobbertin, aliyeishi 1882 hadi 1961, zenye namba zinazoanza na Bild 105.

Tatizo tulilolikuta ni la kutaja nusunusu. Watu huandika "Picha: Bundesarchiv" wakaishia hapo. Bundesarchiv haikupiga picha, imeitunza. Leseni inataka mtunzi atajwe, na mstari kamili una vitu vinne: hifadhi, namba ya picha, Walther Dobbertin, na jina la leseni. Tumerekebisha popote tulipopita.

Maelezo ya chini ya picha hizo ni kazi nyingine. Bundesarchiv imeyaacha maelezo ya zamani kama yalivyoandikwa wakati wa ukoloni, na yenyewe imeweka tahadhari kwamba yanaweza kuwa na makosa au upendeleo. Mtu akiyatafsiri jinsi yalivyo na kuyaweka kwenye makala ya Kiswahili ya leo, anaingiza macho ya mkoloni kwenye kamusi yetu bila kumwambia msomaji. Tumekubaliana: maelezo ya asili yabaki kwenye ukurasa wa faili, kwa Kijerumani, yakionyeshwa kuwa ni ya asili. Kwenye makala tunaandika yetu, kwa kinachoonekana. Kama picha ina wapagazi, tunaandika wapagazi. Hatuandiki "msafara wa Bwana Fulani" eti kwa sababu Bwana Fulani ndiye pekee aliyepewa jina.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, maktaba imefungwa, tukaenda ufukweni. Picha ya Jiwe la Bismarck iliyokuwa kwenye makala ilitoka kwenye tovuti ya watembeza watalii na ikapakiwa kwa maneno "kazi yangu mwenyewe". Tumeiombea kufutwa na leo tumepiga za kwetu, saa kumi na moja na nusu jioni, jua likiwa upande wa ziwa na mnandi wamejaa juu ya mawe. Jiwe ni la asili, halina msanii wa kumwomba ruhusa. Mpigapicha anapakia faili lenyewe kutoka kwenye kamera, likiwa na taarifa zake zote za ndani: tarehe, saa, aina ya kamera. Taarifa hizo ndizo zinazokutetea mtu akija kuhoji kama picha ni yako kweli. Picha iliyopitia WhatsApp huwa imeshapunguzwa ukubwa na kunyang'anywa taarifa hizo, basi msitumiane kwa njia hiyo.

Tulipokuwa tunarudi mjini mtu alipendekeza tupige na sanamu ya samaki ya mzunguko wa barabara. Nilikataa kwa leo, na sababu naiandika ili isipotee. Picha ya sanamu ina watu wawili ndani yake, aliyepiga picha na aliyetengeneza sanamu. Haki ya kupiga picha kazi za sanaa zilizo hadharani inatofautiana sana kati ya nchi na nchi. Uingereza inaruhusu sanamu na majengo yaliyowekwa hadharani kwa kudumu. Marekani inaruhusu majengo, sanamu hapana. Ufaransa ni kali zaidi. Kwa hiyo kanuni yetu hapa ni kumtafuta kwanza fundi wa sanamu. Akipatikana atatuandikia ruhusa, na makala itapata picha pamoja na jina lake, faida mbili.

Jumamosi, 17 Mei

Tingatinga. Nilikuwa naingoja siku hii.

Makala zinazotaja mtindo huu zina michoro mingi yenye maelezo ya namna moja: "Mchoro wa Tingatinga". Hapo msomaji aelewe nini? Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtu, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, juu ya hadibodi za mraba. Alifariki 1972. Kazi yake yote ya uchoraji ni ya miaka minne hivi. Waliobaki na mtindo ni wanafunzi wake na ndugu zake, kina January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Ajaba na Simon Mpata, kisha wanafunzi wa wanafunzi, hadi hawa wanaochora leo na kuuza mjini Mwanza, Arusha na Zanzibar. Jina la mtu limegeuka jina la mtindo, na mamia ya wachoraji walio hai wamefunikwa nalo. Hata George Lilanga, aliyeishi 1934 hadi 2005 na aliyekuwa na mtindo wake mwenyewe kabisa wenye asili ya Kimakonde, tumemkuta ameorodheshwa humo.

Kwenye hakimiliki hali ni hivi. Tingatinga alifariki 1972, kwa hiyo miaka 50 iliisha mwishoni mwa 2022, na kwa sheria ya Tanzania michoro yake imekuwa mali ya umma tangu 1 Januari 2023. Nimesikia watu wakishangilia. Lakini Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1994, na Marekani ilizirudishia ulinzi kazi za kigeni ambazo mnamo 1 Januari 1996 zilikuwa bado na hakimiliki kwao. Michoro ya Tingatinga ilikuwa bado. Ndiyo kusema kule Marekani ingali inalindwa, kwa miaka mingi, na ghala haliwezi kuipokea. Kuna uchungu fulani hapa: mchoro uliochorwa Msasani, ulio huru Tanzania, unazuiwa kwa saa ya nchi nyingine. Nauona uchungu huo na bado nafuata sharti, kwa sababu faili litakalofutwa kesho halimsaidii msomaji. Lilanga yeye ni hadi mwisho wa 2055 hata kwa sheria ya nyumbani.

Sasa, yule chui.

Kwenye makala moja kuna mchoro wa chui chini ya mti, ndege wawili tawini, nyuma rangi ya machungwa iliyoiva. Umepakiwa na mtu aliyeununua, na kwenye sehemu ya mwandishi ameandika jina lake yeye, mnunuzi. Kuununua mchoro ni kununua ubao na rangi iliyo juu yake. Haki ya kuunakili inabaki kwa mchoraji mpaka aitoe kwa maandishi. Hili hata watu wazima wenye elimu zao wanalikosea, tulieleze kila tunapopata nafasi.

Mwenzetu mmoja alihisi ameshauona mkono ule hapahapa mjini. Tukaikuza picha hadi kona ya kulia chini: imekatwa, ila vichwa vya herufi tatu za saini vimebaki. Tukaenda kwenye vibanda vya sanaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu, karibuni. Mnatafuta simba au Wamasai?"

Tukamwonyesha simu. Aliitazama muda mrefu, akaivuta karibu na macho, halafu akacheka.

"Huyu wangu. Angalia madoa. Wenzangu wanapiga doa moja tu. Mimi naanza na jeusi, nangoja likauke, ndiyo naweka njano katikati, na juu ya njano nukta ndogo ya kahawia. Inachukua muda, lakini chui anakuwa kama anatembea."

Akatuvutia mwingine ambao haujakauka, tukaona kwa macho yetu: nyeusi, njano, kahawia, doa juu ya doa. Kisha akauliza swali ambalo kila anayeomba ruhusa za picha anapaswa kuwa na jibu lake la kweli.

"Na mtu akiichukua huko akaichapa kwenye fulana akauza, mimi napata nini?"

Nikamjibu jinsi ilivyo. Mzee, kwa leseni hii hupati hela ya fulana. Unachopata ni jina lako kuandikwa popote mchoro utakapokwenda, na asiyeliandika amevunja leseni, unaweza kumdai. Ukiitoa huwezi kuirudisha. Hulazimiki kutoa yoyote, na kama hutaki, tutaomba ile iliyopo ifutwe leo hii, na hakuna atakayekulaumu.

Alinyamaza akifuta brashi. Akasema ataongea na mwanawe kwanza. Jina lake siliandiki kwenye shajara hii mpaka mwenyewe aamue.

Jumatano, 21 Mei

Kumbukumbu ya MV Bukoba, iliyozama tarehe kama ya leo mwaka 1996 ikiwa inakaribia Mwanza, ikaondoka na mamia ya ndugu zetu. Wasomaji wengi huifungua makala hiyo siku hii, ndiyo maana tuliiwahisha. Picha iliyokuwepo si ya MV Bukoba. Ukiikuza hadi ubavuni mwa meli unasoma herufi VICTORIA. Tumeiondoa. Picha za mwaka ule ni za wapigapicha wa magazeti na televisheni na hakimiliki zao bado ziko hai, hivyo makala itakaa bila picha. Kwa msiba wa namna hii afadhali nafasi tupu kuliko meli nyingine.

Jumanne, 24 Juni

Tumetoka Bujora, Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma, msimu wa ngoma za Bulabo. "Mwangaluka!" asubuhi nzima. Tulikwenda kwa picha za ngoma, tumerudi na jambo zito zaidi.

Za ngoma kwanza. Bugobogobo, Bagika, Bagalu, na wacheza na nyoka. Tuliomba ruhusa kwa viongozi wa vikundi kabla ya kutoa kamera, na kwenye kila picha tumeandika jina la kikundi na kijiji wanakotoka, si "ngoma ya asili ya Kiafrika" kama tunavyosoma kila siku. Hakishiriki, ile nusu ya pili ya jina la sheria yetu, ipo kwa ajili ya watumbuizaji kama hawa.

Jambo zito ni la Bayeye. Chama hiki cha wataalamu wa nyoka wa Usukuma kilikuwa na desturi ya kuchora kwenye kuta za ndani za nyumba zake: nyoka, watu, wanyama. Hans Cory, mtafiti mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi Tanganyika miaka mingi, aliikusanya michoro hiyo na kuichapisha kwa kitabu London mwaka 1953. Tangu hapo, popote michoro hiyo inapotajwa, jina linalokuja ni la Cory. Tumekuta ukurasa wenye mmoja wa michoro hiyo na sehemu ya mwandishi imeandikwa "Hans Cory, 1953". Kana kwamba ndiye aliyeshika rangi.

Kisheria, faili lile halikai. Cory alifariki 1962, hivyo Uingereza, wanakohesabu miaka 70 baada ya kifo, kitabu kinalindwa hadi mwisho wa 2032, na Marekani zaidi ya hapo. Tumeomba lifutwe. Na sheria ya 1999 ina sehemu yake kuhusu sanaa za jadi, kwa hiyo hata upande wa jamii yenyewe hili si shamba lisilo na mwenyewe.

Lakini kinachonikera zaidi ni sehemu ile ya mwandishi. Mhariri mmoja, kwa nia njema, alipendekeza tuweke "asiyejulikana". Tumejadiliana mpaka daladala ikafika Buzuruga. Neno hilo linafaa pale watu walipotafuta wakakosa. Hapa aliyetafuta ni nani? Kilichopo ni kwamba jina la mkusanyaji liliwekwa kwenye jalada, na wasomaji wa mbali hawakuona haja ya kuuliza zaidi. Tumekubaliana kwamba makala itasema: "wachoraji wa chama cha Bayeye, Usukuma, michoro imekusanywa na kuchapishwa na Hans Cory". Wachoraji wanatangulia, mkusanyaji anafuata, na kila mmoja anatajwa kwa alichokifanya.

Mzee mmoja pale Bujora alitusikiliza, akasema babu zake upande wa mama walikuwa Bayeye. Tumepanga kurudi na kinasa sauti.

Jumamosi, 28 Juni

Fupi. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tarehe 19 mwezi huu, na kwenye makala bado kulikuwa na mchoro wa kompyuta wa wahandisi, uliotumwa sana mitandaoni miaka ya ujenzi, umeandikwa "picha ya daraja". Mchoro ule una mwenyewe, na tena hauonyeshi daraja lenyewe bali mpango wake. Tumeuondoa. Maelezo ya picha yoyote itakayowekwa yataje tarehe iliyopigwa, maana picha nyingi za daraja hilo zinazozunguka ni za wakati nguzo bado zinapanda.

Jumamosi, 12 Julai

Mzee wa vibandani ameamua. Alikuja maktaba mwenyewe, kavaa kanzu, na mwanawe. Mchoro mmoja tu, chui yuleyule, kwa CC BY-SA. Mingine yote inabaki yake, na hilo tumeliandika kwenye barua ili mtu asije kusema ameruhusu kazi zake zote. Barua imetoka kwa anwani ya mwanawe kwenda kwa timu ya wajitolea wa ghala wanaopokea ruhusa. Ina jina la mchoraji, kiungo cha faili, jina kamili la leseni na toleo lake, na sentensi inayokiri kwamba anajua wengine wanaweza kuitumia kibiashara. Bila sentensi hiyo barua hurudishwa.

Alikuwa na sharti moja kwetu, nje ya leseni: picha ipigwe upya, na saini ionekane. Tumeipiga nyuma ya maktaba kivulini, ubao umesimama wima, kamera usawa wa katikati ya mchoro ili kingo zisipinde, na kipande cha karatasi nyeupe pembeni cha kupimia rangi. Ile ya zamani haikuwa imekata saini tu. Ilikuwa imefifisha kahawia yote, na madoa yalionekana kama ya mtu aliyechora kwa haraka.

Ukurasa wa faili sasa una msanii, jina la kazi kama alivyolisema mwenyewe, mwaka, rangi ya mafuta juu ya hadibodi, vipimo kwa sentimita, saini kona ya kulia chini, mpigapicha wa nakala kwenye mstari wake wa pembeni. Kwenye makala, badala ya "Mchoro wa Tingatinga", tumeandika jina lake likitangulia, kisha "mchoraji wa Mwanza, kwa mtindo wa Tingatinga".

Mwanawe aliisoma kwa sauti kwenye simu. Mzee akauliza kama tunaweza kuongeza jina la aliyemfundisha. Tumemwambia linahitaji chanzo kilichochapishwa ili likae kwenye makala, ila kwenye ukurasa wa faili anaweza kulieleza kama maelezo yake mwenyewe kuhusu kazi yake. Ameanza kulitaja, na mwingine aliyemfundisha huyo, na mwingine. Tumeandika yote. Wiki ijayo tunatafuta kama kuna orodha ya maonyesho au katalogi ya zamani inayowataja, na Alhamisi tunarudi Bujora na kinasa sauti.